Hilux yangu na loki ya difu: kumbukumbu tangu Aprili

Aprili, wiki ya kwanza

Nimekwama tena kilima kile kile, upande wa nyuma wa Kisarawe. Wanaoijua milima ya Pugu wanaujua udongo wake, ule mweupe wenye kaolini. Ukikauka ni vumbi, ukinyeshewa unateleza kama sabuni iliyolowa. Nilikuwa na tenki la maji la lita 500 na miche ya mikorosho nyuma. Fowili nimeingiza, gia nzito nimeingiza, habu za mbele, zile zinazounganisha matairi na shafti zake, nimezifunga kwa mkono wangu mwenyewe. Gari likapanda nusu, likasimama.

Nikashuka nikachungulia chini, mdogo wangu akiwa amekalia usukani na kukanyaga mafuta taratibu. Tairi la nyuma kulia lilikuwa linazunguka kwenye tope. La nyuma kushoto, lililokaa juu ya udongo mgumu kabisa, halijitikisi. Mbele ilikuwa kinyume chake: la kushoto linazunguka, la kulia limetulia. Kwa hiyo kati ya matairi manne yalikuwa yanazunguka mawili, na yote mawili yako kwenye utelezi. Tulishusha tenki, tukamwaga maji yote, tukarudi chini kinyumenyume. Miche ilifika siku ya pili kwa bodaboda.

Usiku ule niliamua kwamba mwaka huu hauishi kabla sijaweka loki ya difu, kifaa kinacholazimisha matairi mawili ya ekseli moja yavute pamoja.

Aprili, mwishoni

Gari ni Hilux LN106 ya mwaka 1994, injini iitwayo 3L, dizeli ya lita 2.8. Mbele ina ekseli nzima na springi za majani, na difu zake ni zile za inchi 8. Ni gari la kazi, lakini ndilo pia ninalotembelea mjini, kutoka Tabata hadi Posta na kurudi, siku tano kwa wiki. Jambo hilo ndilo lililonisumbua kichwa kuliko bei.

Difu ya kawaida inagawa nguvu sawa kwa sawa, kushoto na kulia. Tairi lililo kwenye tope halihitaji nguvu yoyote ya maana ili lizunguke, na lile lililo kwenye pakavu hupewa kiasi kile kile kidogo. Unaweza kukanyaga mafuta mpaka injini ilie, halipati zaidi. Loki ndiyo inayovunja mgawo huo.

Jirani mmoja alinishauri nichomelee spaida, zile gia ndogo za ndani ya difu, difu iwe kitu kimoja. Ni rahisi kweli, welda anamaliza kwa nusu siku. Sikukubali. Kwenye lami kila kona tairi moja lazima liburuzwe, matairi yanaisha, na hafu shafti, chuma kinachotoa nguvu kwenye difu kupeleka kwenye tairi, inabeba mzigo ambao haikutengenezewa. Kwa gari la shambani tu, lisilogusa barabara, ningemwelewa.

LSD ya mtumba, difu inayopunguza tairi kuzunguka bure, pia niliiulizia mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Inasaidia kwenye changarawe na mvua, lakini zile za sahani za msuguano zinachakaa, na tairi likiwa hewani kabisa haikufikishi mbali. Na shida ya kilima changu ndiyo hiyo hasa: mitaro inayokata njia kwa mshazari, gari linakaa juu ya tairi la mbele upande mmoja na la nyuma upande mwingine.

ARB ya upepo niliitamani, sifichi. Unaifunga kwa kitufe pale unapotaka, na ukiizima unabaki na difu ya kawaida. Kampuni hiyo ya Australia ilianza mwaka 1975 na loki zake zimezoeleka kwenye magari ya safari. Lakini ukijumlisha kompresa, bei inapita mara tatu ya hizi zinazojifunga zenyewe, halafu kuna mpira wa upepo unaopita juu ya ekseli na sili ndani ya difu. Ningekuwa na pesa hiyo, na bila ada za shule za Januari, ningeichukua. Kwa mtu anayeishi mjini na kwenda porini mara moja moja, bado naamini ndiyo bora.

Zikabaki za kujifunga zenyewe. Detroit Locker inakuja na kasha lake zima. Ni ngumu kama jiwe, ila krauni na pinioni, gia kuu mbili za difu, lazima vipangwe upya kwa vipimo, na fundi wa kufanya hivyo kwa uhakika si kila gereji. Lock-Right na Aussie Locker zinaingia ndani ya kasha ulilonalo: unatoa spaida na gia mbili za pembeni, unaweka vipande vyake. Nikachagua Lock-Right.

Mbele au nyuma? Siku tatu nzima niliwaza hilo. Ukiiweka mbele, mjini hutajua hata kama ipo, kwa sababu habu zikiwa wazi haifanyi kazi yoyote. Lakini kwenye kupanda, uzito unahamia nyuma, na mimi mzigo wangu wote uko nyuma. Tairi lenye uzito ndilo lenye kushika. Tena mbele kuna zile jointi za ndani ya ngumi za ekseli, na kuzivunja ukiwa umekata usukani mpaka mwisho huku umekanyaga mafuta ni rahisi sana. Kwa hiyo nyuma.

Juni

Mzigo umefika. Kaboksi kadogo kazito, ndani mna vipande vinne vikubwa vya chuma, springi ndogo na vipini vyake. Nilikaa navyo mezani usiku mzima. Vipande viwili vya katikati vina meno yaliyosimama ubavuni, na kila kimoja kinang'ata mwenzake wa nje, yule anayeshika hafu shafti. Kati ya vile viwili kuna tundu la kupitishia pini ya kasha, na tundu lenyewe si duara. Limepanuliwa, lina miteremko miwili kama bonde.

Nikavipeleka gereji Tabata kwa mzee anayenitengenezea gari tangu nilinunue.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hicho nini tena?"

Nikamweleza. Akavishika, akavigeuza, akavibana kwa vidole vyake, akauliza swali ambalo lilikuwa la maana kuliko yote niliyoulizwa: "Sasa ukikata kona, tairi la nje litakimbia vipi, na wewe umeshaling'atisha meno?"

Tukaigiza pale pale juu ya benchi kwa bisibisi badala ya pini. Ukisukuma pini, inapanda mteremko wa lile bonde na kuvitanua vile viwili, meno yanakazana, hafu shafti zote mbili zinavutwa pamoja. Lakini tairi la nje likitaka kwenda kasi kuliko krauni, upande wake unajisogeza mbele, pini inaacha kuusukuma, springi inakubali, na meno yanaruka moja moja: tak, tak, tak. Tairi linaruhusiwa kwenda kasi kuliko difu. Kwenda polepole kuliko difu haliruhusiwi kamwe. Mzee alilirudia zoezi lile mara nne kimya kimya, kisha akasema, "Haya. Jumamosi njoo mapema."

Juni, Jumamosi

Nilikuwa na wasiwasi mmoja. Kasha za difu hii zipo za spaida mbili na za spaida nne, na loki niliyoagiza ni ya mbili. Tulimwaga oili, tukavuta hafu shafti, tukafungua nati kumi, difu ikatoka mikononi mwetu nzito kama gunia la unga. Mzee akamulika tochi. Mbili. Nilishusha pumzi.

Kabla ya kufungua vifuniko vya beringi alivipiga alama kwa ponchi, kimoja nukta moja, kingine nukta mbili, na ringi za kukazia akaziwekea alama vilevile. Kwa njia hiyo krauni ilirudi ilipokuwa, na mchezo wake na pinioni haukubadilika. Hatua hii usiiharakishe hata kama jua linazama. Tulipomaliza kuweka vipande, tukapima nafasi kati ya vile viwili vya katikati kwa vernia: milimita 3.9, ndani ya kiwango cha karatasi ya maelekezo. Gasketi mpya, oili mpya ya GL-5 80W-90, lita mbili na ushei.

Saa moja na nusu usiku nilitoka getini, nikakata kushoto. Tak-tak-tak-tak. Mlinzi wa jirani alitoka nje kutazama.

Julai

Wiki mbili za wasiwasi. Kwenye barabara iliyonyooka gari lilikuwa linavuta upande, halafu nikiachia mafuta linarudi kwa mshtuko na sauti ya *tang* kutoka chini. Nilidhani tumekosea kufunga. Mzee hakugusa spana, alichukua futi ya kamba na kupima mzingo wa matairi ya nyuma. La kushoto lilikuwa spea, jipya, niliyoiweka baada ya pancha mwezi wa tano. Tofauti ilikuwa karibu sentimita tatu. Difu ya kawaida ilikuwa inalifidia hilo bila mimi kujua. Loki inalipigania kila mita. Nimeweka mawili yaliyochakaa sawa, upepo sawa pande zote, na mvutano umeisha. Sasa nabadilisha matairi ya nyuma mawili mawili tu.

Novemba

Mvua za vuli. Asubuhi moja nilikuwa natoka Buguruni, nikakata kulia kwenye taa za TAZARA, chini ya daraja la Mfugale, kuelekea Uwanja wa Ndege. Bodi tupu, lami ina maji na utelezi wa mafuta. Nikakanyaga kidogo katikati ya kona, na mkia wote ukatoka nje, polepole lakini bila ubishi. Matairi yote mawili yaliteleza kwa pamoja, hakuna la kubaki kushikilia. Nilirudisha usukani, likanyooka. Tangu siku hiyo, mvua ikinyesha, kona naimaliza kwanza ndipo nakanyaga, na nimeweka mifuko miwili ya mchanga juu ya ekseli. Nikimpa mtu funguo namweleza hili kabla hajapanda.

Jumapili iliyofuata, Kisarawe. Kilima kile kile, tenki limejaa. Kwenye mtaro wa mshazari tairi la nyuma kulia lilinyanyuka, nikaliona kupitia kioo likiwa juu kabisa ya ardhi, likizunguka taratibu kwa mwendo ule ule wa mwenzake aliye chini. Gari halikusita. Nilifika juu nikazima injini, nikakaa kidogo tu nikisikiliza maji yakicheza ndani ya tenki.

Desemba

Nimemwaga oili ya difu baada ya kilomita 3,000. Kwenye sumaku ya nati kuna uji mwembamba wa kijivu, hakuna kipande cha chuma kinachoshikika kwa kucha. Sili ya hafu shafti ya kushoto inaanza kulowa. Nimeshanunua nyingine, mzee ananisubiri Jumamosi.