Pete Iliyogonga Mlango wa Matatu

Kumi la mwisho la Ramadhani ya 2011, duka la sonara nililokuwa nikijifunzia kazi, Mji wa Kale, Mombasa, lilijaa watu wanaotaka herini na vikuku vya Idi. Bi mmoja akapenya katikati yao, akaiweka pete mezani. "Si mliniambia almasi haivunjiki?"

Mzee aliitazama kwa lenzi ya mara kumi, kisha akanipa mimi. Jiwe la nusu karati, upana wa milimita tano hivi, lilikuwa limemegeka ukingoni. Ukucha mmoja wa pete, kijino cha metali kinacholishika jiwe, ulikuwa umelika, na uzi mweusi wa vazi la buibui umenasa chini yake. Ukucha ukianza kunasa nguo, jua umeinuka, na ukingo wa jiwe, sehemu yake nyembamba kuliko zote, uko wazi. Bi alikuwa ameugonga mlango wa matatu akishuka Buxton.

"Mama, almasi haikwaruziki. Kupasuka inapasuka." Kipimo cha Mohs cha ugumu wa mawe, cha tangu 1812, huuliza jambo moja tu: lipi litalikwaruza jenzake. Almasi ni 10, yakuti 9, na pengo la hatua hiyo moja ni kubwa, maana almasi huishinda yakuti kwa ugumu karibu mara nne. Pigo lakini ni mtihani mwingine. Mzee alimwonyesha kuni: ukizipiga kwa kukingama zinakushinda, ukifuata nyuzi shoka moja latosha. Almasi ina nyuzi za namna hiyo pande nne.

Katika kifuko alichoitolea pete mlikuwa na herini za tsavoraiti, jiwe la kijani, ya Taita, zimechunwa uso. Tsavoraiti ni 7 hadi 7.5, na Bi alikuwa akizilaza na almasi kila usiku! Hizo hatukuwa na la kuzifanya siku ile.

Pete ilichukua muda. Jiwe lilitolewa kabla ya kulehemu, kwani lenye ufa halipelekwi motoni. Ukucha ukajengwa upya, kisha ukachongwa kikalio, yaani kikato ambamo jiwe hukaa, kisichozidi nusu ya unene wake; kikizidi, hukatika unapokunjwa. Jiwe likazungushwa mpaka palipomegeka paingie chini ya ukucha mpya, na hapo Mzee akaacha upenyo mwembamba kama unywele. Chuma kikikandamiza ufa, ufa huendelea.

"Waisafisha na nini?"

"Jiki."

Mzee akaguna. Klorini iliyomo kwenye Jiki hushambulia metali zilizochanganywa na dhahabu, hasa nikeli ya dhahabu nyeupe, na kucha huwa kavu za kukatika. Akamwagiza bakuli la maji ya uvuguvugu (si sinki, mawe mangapi yamekwenda na maji), matone ya sabuni ya vyombo, dakika 20, kisha mswaki laini upande wa nyuma. Almasi hupenda mafuta. Bi akikuna nazi na kukamua tui nayo kidoleni, hufifia siku ileile. Hapo ndipo alipokubali kuivua jikoni.

Mkesha wa Idi alirudi. Mzee aliigonga pete kwa ukucha wa kidole karibu na sikio lake, kwani jiwe lililolegea hulia. Kimya. Bi akaitia kwenye kifuko chake, herini kwenye kingine, kisha akauliza punguzo la Idi ni kiasi gani.