Usiku wa giza Kibirizi: mgebuka yuko aliko dagaa

Saa 10 jioni. Sisi wa usiku, siku ndiyo kwanza inaanza. Niko mwaloni, pale vyombo vinapotia nanga, Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, nakagua mshipi ndoano moja moja. Manyoya meupe ya kumvutia samaki kwenye ndoano nne yamechakaa, nayabadilisha. Mtoto wa kaka yangu, mwenzangu chomboni, anapima betri ya taa. Tuko kwenye giza, siku ambazo mwezi hautusumbui. Mbalamwezi ikishika, taa zetu hazina nguvu na dagaa hawakusanyiki, hivyo vyombo vingi hupumzika.

Saa 1 jioni. Tunatoka jua likizama nyuma ya milima ya Kongo. Mimi ni mvuvi wa mgebuka, samaki anayewinda dagaa, ndiyo maana kitu cha kwanza ninachotafuta ni dagaa. Mchana dagaa wanashinda chini kwenye kina. Giza likiingia wanapanda kula vijidudu vya majini, na mgebuka anapanda nyuma yao.

Saa 3 usiku tunawasha taa. Kimya.

Saa 5 usiku. Maji chini ya taa yameanza kumetameta, kama mtu amemwaga vumbi la fedha.

"Baba mdogo, wamejaa! Tushushe?"

Tunashusha katikati ya kundi. Hakuna kinachogusa. Wengi wakifika hapa huilaumu ndoano. Mimi nawalaumu dagaa wenyewe, kwa wingi wao: mgebuka aliyezungukwa na chakula hana sababu ya kufuata manyoya yangu. Namwambia kijana asogeze mshipi pembeni, aache chubwi, ule uzito wa mshipi, ishuke mpaka chini ya kundi, pale mwanga unapofifia. Ndipo mgebuka anapovizia dagaa waliojitenga na wenzao. Mshipi unakazana mkononi. Tunapandisha watatu kwa mpigo.

Saa 9 usiku nampasua mmoja kwa tochi. Tumboni mna dagaa watano: wanne bado wanang'aa, wa tano kichwa kimeshayeyuka. Huwa napasua kila safari, maana tumbo la mgebuka linaniambia hali ya ziwa. Zipo wiki ambazo nakuta uduvi mtupu, na wiki hizo natoka nikijua dagaa ni wachache na kazi itakuwa ngumu.

Ndiyo maana kokoro, wavu unaokokotwa hadi ufukweni, linaniuma. Ni haramu, lakini bado lipo, na linazoa dagaa wachanga ufukweni kabla hawajazaa hata mara moja. Tanzania ilipofunga uvuvi ziwani humu kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, nyumbani kwangu tulipata shida, na watoto walijua. Hata hivyo niliunga mkono, na leo ningeunga mkono tena. Upepo wa kusi ukivuma kiangazi unachanganya maji, rutuba iliyolala chini inapanda, vijidudu vinaongezeka, dagaa wanapata chakula. Kazi hiyo ziwa linaifanya lenyewe. Sisi tunatakiwa tuwaachie dagaa muda wa kukua.

Saa 1 asubuhi tuko nchi kavu. Akina mama wameshasogea na mabeseni.

"Shemeji, hawa wa leo wana mafuta?"

"Mama, minya tumbo uone mwenyewe."

Anaminya, anatabasamu, anachukua beseni zima. Wengine wanagawana waliobaki.

Saa 3 asubuhi. Kijana ananawa miguu mlangoni. Anauliza leo jioni tunaelekea wapi. Kule kule, namwambia, maadamu upepo haujageuka.