Kabla Msumeno Haujawashwa

Mwenye shamba la miti huvuna mara chache sana maishani mwake, ilhali anayekuja kununua miti hiyo huvuna kila wiki, na hapo ndipo mkulima anapozidiwa hata kabla ya bei kutajwa. Msonobari uliopandwa kwa ajili ya mbao hapa Uganda huhitaji takribani miaka 18 hadi 20 ili ukomae, na mkaratusi wa nguzo za umeme huchukua miaka 8 hivi. Anayevuniwa vibaya leo hawezi kusema atarekebisha msimu ujao, kama tunavyofanya kwa mahindi. Mimi ninatunza ekari chache upande wa Masindi, misonobari huku juu na mikaratusi karibu na barabara, na kadiri miaka inavyopita ninazidi kuamini kwamba kumchagua mvunaji ni sehemu ya utunzaji wenyewe, wala si jambo la kusubiri hadi miti ikomae.

Mvunaji hupimwa vizuri zaidi wakati wa kupunguza miti. Ukipanda kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hektari moja huwa na miche 1,111, yaani karibu 450 kwa ekari, na hiyo yote haiwezi kunenepa pamoja. Inapunguzwa kwa awamu, mpaka mwishoni ibaki kama 250 au 300 kwa hektari. Inayotolewa mwanzoni ni iliyopinda, iliyogawanyika vichwa viwili, iliyojeruhiwa, na ile iliyofunikwa na wenzake hata ikakosa jua. Sasa hutokea fundi akasema kwa upole kwamba huna haja ya kumlipa fedha, kwa kuwa miti atakayoikata itatosha kuwa malipo yake. Mkulima asiye na akiba huona amepata nafuu kubwa. Lakini mtu anayelipwa kwa miti atakata ile inayomfaa yeye sokoni, nayo ni minene na iliyonyooka, kisha atakuachia vigongo vilivyopinda uvisubiri miaka 10 mingine. Nimeliona shamba la jirani lililopunguzwa kwa mkataba wa namna hiyo. Kwa mbali lilipendeza, limekaa wazi na safi, lakini ukiingia ndani huoni mti hata mmoja ambao ungetaka kuchukua mbegu zake.

Kwa sababu hiyo msimamo wangu ni kwamba wapunguzaji walipwe ujira wa fedha, hata kama itabidi kupunguza kipande kidogo kwa mwaka, na kwamba miti ya kutolewa ichaguliwe na mwenye shamba pamoja na mtu wa misitu, si na mwenye msumeno. Kila mti unaotolewa ninautia rangi mahali pawili: usawa wa kifua, ili mkataji auone, na chini kabisa karibu na mzizi, ili mti ukishaondoka alama ibaki kwenye kisiki. Jioni unapita ukikagua visiki, na kisiki kisicho na rangi kinajieleza chenyewe.

Jambo la pili ni vipimo. Madalali wengi hupita shambani, wakatazama juu, wakataja bei moja kwa kila mti, au bei ya shamba zima kwa mkupuo. Wewe chukua utepe, upime mzingo wa mti kwa urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, ugawanye kwa 3.14 ili upate kipenyo. Misonobari miwili yenye urefu wa mita 20 inaweza kuonekana karibu sawa kwa macho, mmoja ukiwa na kipenyo cha sentimita 30 na mwingine 40, kumbe wa pili una ujazo unaozidi wa kwanza kwa zaidi ya robo tatu. Anayekubali bei moja kwa yote miwili anatoa mbao bure. Pima sampuli katika kila kona ya shamba, uandike daftarini, na daftari hilo liwe mkononi mwako siku mnunuzi anapokuja.

Kuhusu watu wenyewe, sijaona njia bora kuliko kwenda mahali walipovuna mara ya mwisho bila wao kuwapo. Tazama kama magogo yameachwa yakaoza, kama trekta limechimba makorongo kwenye mteremko, na hasa tazama visiki vya mikaratusi. Kisiki kizuri ni kifupi, kama sentimita 10 au 12, kimekatwa kwa mwinamo kidogo ili maji ya mvua yasituame, na gamba lake limeshika kote. Gamba likichanika, machipukizi yanakosa pa kutokea au yanakuja dhaifu na kuvunjwa na upepo, na hapo umepoteza mavuno ya pili ambayo yangekuja bila kununua mche. Kijana mmoja kutoka Arua, ambaye sasa ndiye ninayemwita kila mara, aliniuliza kabla hata hatujafika kwenye bei: “Mama, hivi visiki unataka vichipue, au utapanda kitu kingine?” Nilijua hapo hapo kwamba ninazungumza na mtu anayeufikiria mti baada ya yeye kuondoka.

Nilimuuliza pia jinsi anavyoangusha mti. Alieleza mkato wa kuelekeza upande mti unakotakiwa kulalia, akaeleza ukanda mwembamba wa mti unaoachwa bila kukatwa ili uushike unapoanguka, na akasema hakuna mtu anayeruhusiwa kusimama ndani ya umbali wa urefu wa miti miwili. Kikosi kisicho na kofia ngumu wala buti hakiingii kwangu, hata kikija na bei ya chini namna gani, kwa maana mtu akiumia shambani mwako, familia yake itakujia wewe.

Makubaliano tunayaandika mbele ya mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji, na afisa misitu wa wilaya ninamwona mapema, kwa sababu mbao zikishaingia barabarani bila hati zake, usumbufu haumpati dereva peke yake. Ninahakikisha pia lori limepatikana kabla mti wa kwanza haujakatwa, kwani magogo ya msonobari yakilala chini hushikwa na ukungu wa rangi ya buluu, na mnunuzi hushusha bei. Sehemu ya malipo ya wakataji huwa ninaizuia mpaka tupite pamoja kisiki kwa kisiki, na hilo linaandikwa tangu mwanzo ili lisije likaonekana dhuluma. Msimu huu tunavuna robo tu ya mikaratusi ya barabarani, na machipukizi yakishakua nitamwita kijana yule yule aje kuyapunguza, abakize moja au mawili kwa kila kisiki.