Nilivyoufuata ukoo wa mume wangu hadi pambizoni mwa daftari

Mwanangu alirudi na kazi ya shule: achore ukoo wake pande zote mbili. Upande wangu tuliumaliza chai haijapoa. Nilimpigia bibi Tanga, akataja fulani bin fulani mpaka mtoto akaishiwa karatasi. Upande wa baba yake, hapa Berlin, tulikwama kwa babu na bibi wa mama mkwe wangu. "Walitoka mashariki," Mama alisema, basi.

Wajerumani hawakariri nasaba, ila wanaandika. Prussia, dola ya Kijerumani iliyokuwa na Berlin ndani yake, ilianza kusajili ndoa serikalini Oktoba 1874, Ujerumani nzima ikafuata Januari 1876. Ofisi ya usajili huo huitwa Standesamt. Kabla ya hapo, sehemu kubwa ya nchi ilitegemea vitabu vya makanisa.

Nilianza na ndoa ya wazazi wa Mama, ya mwaka 1946, nikakuta mlango umefungwa. Daftari la ndoa huwa wazi kwa kila mtu baada ya miaka 80. Kabla ya hapo hupewa wenyewe na watu wao wa damu, na mkaza mwana si damu. Ikabidi Mama asaini ombi mwenyewe. Cheti kilipokuja kwa posta kilikuwa na majina ya wazazi wa bwana harusi, nami nikapata pa kushika.

Hao walioana Berlin, lakini Berlin ya zama zile ilikuwa na Standesamt nyingi, zenye nambari za Kirumi. Nilipoteza jioni tatu kwenye ofisi isiyo yao. Kumbe kila daftari lina faharasa ya majina, nami nilikuwa napekua ukurasa kwa ukurasa kama anayetafuta sindano mchangani. Nilipoitumia niliwapata upesi: 1912.

Furaha ikaishia kwenye mwandiko. Fomu imechapwa, lakini majina na kazi vimejazwa kwa mkono, kwa herufi za Kurrent, ambazo Wajerumani wengi wa leo hawazisomi. Humo "e" inafanana na "n", na "u" hutofautishwa na "n" kwa kijimstari cha juu tu. Kazi ya bwana harusi niliisoma "Manrnr", neno lisilotamkika hata kwa Mjerumani. Nilichukua karatasi, nikanakili yale ninayoyajua tayari, yaani miezi, tarehe zilizoandikwa kwa maneno na jina la mji, nikajitengenezea alfabeti ya karani yule. Kwa alfabeti hiyo "Manrnr" ikawa Maurer, fundi mwashi.

Kwa nini ndoa, si kizazi wala kifo? Kwa sababu vyeti vya miaka ile vinawataja wazazi wa pande zote mbili, kazi zao na wanakoishi, na jina la mama kabla hajaolewa, baada ya neno "geborene". Baba wa bwana harusi alikuwa ameshafariki. Wazazi wa bibi harusi walikuwa kijijini karibu na Breslau, leo Wrocław, Poland. Ndiyo "mashariki" ya Mama.

Mashahidi nusura niwaruke. Ni wawili, kama kwenye nikahi yetu, na wameandikwa umri, kazi na anwani. Mmoja alikuwa mwendesha gari la farasi, miaka 28, mwenye jina la ukoo la bibi harusi. Kaka yake, nadhani. Hakuna aliyewahi kumtaja nyumbani.

Halafu pambizoni, kwa wino mwingine: maharusi wanamkubali kuwa wao mtoto wa kiume aliyezaliwa 1910. Huyo ni baba yake Mama. Nilikaa na karatasi ile siku mbili nikijiuliza kama ni mahali pangu kuisema. Nilipompa, aliisoma mara mbili akacheka. "Bibi yangu!" akasema. "Na alivyokuwa akituhubiria!"

Katika madaftari ya miaka ile humkumbuka Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa pwani ya Bagamoyo aliyefundisha Kiswahili Berlin na kumwoa Bertha Hilske mwaka 1904. Waliposafiri kurudi mwaka uliofuata, serikali ya kikoloni haikuwaruhusu kushuka melini.

Nimeandika barua kwenye hifadhi ya nyaraka ya Wrocław, nasubiri. Kazi ya shule ilikusanywa zamani, upande wa kulia ukiwa na nafasi tupu nne.