Siku moja maishani mwangu: mzee, kioo na bamba la shaba

Saa 12 asubuhi niko dirishani tayari, kioo mbele, bamba la shaba mapajani, leo najichora uso wangu mwenyewe kwenye bamba hili, halafu nitauchapa kwenye karatasi. Kingo nimezipiga tupa jana zisije zikakata karatasi, na ile nta nyeusi ya lami nimeshaipaka ikakauka. Macho yangu saivi yanataka mwanga wa asubuhi, ukifika mchana nta inang'aa sioni mstari, kwahiyo sura naichora sasa hivi au basi.

Watu wanadhani sindano ninayochorea inachimba shaba, hapana, inakwangua nta tu, shaba italiwa na asidi baadaye pale nta ilipotoka, mkono unaenda mwepesi na kwa mzee kama mimi hiyo ni neema kubwa maana vidole havina nguvu ya zamani ila bado vinajua njia. Nachora ninachokiona kwenye kioo, sigeuzi kitu.

Saa 3 hivi napumzika na kumwangalia Rembrandt, yule mchoraji Mholanzi wa karne ya 17, kwenye kitabu. Huyu alijichora kwenye bamba kama mara 30 hivi, na ile ya 1648 ndo naipenda kuliko zote, kakaa dirishani anachora, hana mbwembwe, nguo za kazi tu. Lakini hapo alikuwa na miaka 40 na kidogo, uzee wake tunauona zaidi kwenye picha za rangi ya mafuta, na mimi natamani sana kuona uso wa mzee kwa mistari mitupu.

Saa 4, glovu, madirisha wazi, bamba linaingia kwenye feriki kloraidi, dawa inayokula shaba, sisi tunaiita asidi tu. Hapa ndo roho ya kazi yenyewe. Dakika 10 natoa, nasuuza, naziba paji la uso kwa vanishi maana mistari yake nataka iwe myembamba, narudisha. Nusu saa tena, naziba mashavu. Mifuko ya chini ya macho naiacha peke yake humo, asidi iendelee kula, ukipitisha kucha pale unausikia mfereji kabisa. Wengine wangenishauri nipunguze, nisijizeeshe. Sikubali, mikunjo hii ndo picha yenyewe.

Saa 8 nasafisha bamba, nasugua wino mpaka uingie kwenye mistari, nafuta juu kwa shashi ngumu halafu kwa kiganja, taratibu. Karatasi ilishalowekwa na kukaushwa maji ya juu, ikibaki na unyevu. Naiweka juu ya bamba, blanketi juu, nazungusha presi, ile mashine ya kuchapia.

Saa 10 prufu ya kwanza, yaani nakala ya majaribio. Kwenye kioo kovu langu lilikuwa upande huu, kwenye karatasi limehamia ule, yaani nimetoka jinsi wengine wanavyoniona. Mimi naona kama mgeni, mke wangu kaja kasimama, katazama weee, "mzee, huyu ndo wewe."

Kope ya kulia bado imepauka. Kesho naipaka nta upya, nairudia mistari ileile, nairudisha kwenye asidi dakika 20 nyingine.