Bibi na sanduku la barua

Leo nimecheka kwenye basi mpaka aliyekaa nami akahama kiti.

Niko Charlotte, Carolina Kaskazini, na ugonjwa wangu mpya ni riwaya za vichekesho za huku Kusini mwa Marekani. Hadithi ni ileile: mume mwenye nazo amekufa, mjane hajawahi kuandika hundi maishani mwake, na watoto wameshaanza kuipima nyumba kwa macho. Nilidhani waandishi wanatia chumvi. Kumbe hadi 1974, ilipopitishwa sheria ya usawa wa mikopo, benki za hapa ziliweza kumkatalia mwanamke mkopo mpaka mumewe atie sahihi!

Halafu ninaye mjane wangu mtaani. Huku mwanamke mzee huitwa "Miss" na jina lake la kwanza, hata kama ana vitukuu. Mimi ulimi unakataa, namwita Bibi. Alipofiwa na mumewe, wanawake wa kanisani walimjazia friji kuku wa kukaanga, mayai ya kujazwa na sinia za makaroni na jibini. (Msiba ni msiba, chakula lazima.)

Miezi miwili baadaye nikamkuta barabarani anajifunza kurudisha gari nyuma. Alikuwa ameshagonga masanduku mawili ya barua, yale yanayosimikwa kando ya barabara mbele ya nyumba: la kwanza lake, la pili langu.

Nikamuuliza, Bibi, vipi tena?

Akashusha kioo taratibu: "Marehemu alisema mimi sifai kuendesha gari. Sasa ni nani kati yetu haendeshi?"

Sanduku jipya nimelinunua jana. Nimelisogeza ndani kidogo.