Weusi wa Iowa si weusi wa mbuga

Mtu aliyekulia Maswa akiona udongo mweusi huwaza viatu vyake kwanza. Mbuga ya kwetu, ule mfinyanzi mweusi wa bondeni, mvua ikinyesha inakuvua kandambili zote mbili, na kiangazi inapasuka nyufa za kuvunja mguu wa ndama. Kwa hiyo asubuhi ile ya katikati ya Mei, tulipotoka Des Moines, mji mkuu wa jimbo la Iowa huko Marekani, kuelekea kaskazini na mashamba yakaanza kufunguka pande zote mbili za barabara, meusi tii kama masizi ya chungu, nilimwambia shemeji, "Hii ni mbuga. Watu wa huku wanalima mbuga tupu."

Shemeji akacheka. "Ngoja ukaikanyage."

Shemeji alizaliwa kambini Kigoma, kwa wazazi waliokimbia Burundi mwaka 1972. Leo anafanya kazi zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama, na mapumziko yake yote yanaishia kwenye kipande cha shamba nje ya mji ambako wakimbizi wa zamani wanalima mchicha, maharage na mahindi meupe. Ndiko alikozoeana na Mzee, Mmarekani mstaafu aliyetumia maisha yake ya kazi kuchora ramani za udongo wa jimbo la Iowa, na ambaye sasa huja kuwasaidia bila malipo. Dada yangu alipomwambia kuwa mdogo wake ni bwana shamba na anakuja kutembea, Mzee aliniwekea siku nzima. Alikaa kiti cha mbele, bomba lake la chuma la kuchomolea udongo limelala katikati ya magoti kama fimbo ya mchungaji. Mimi nikakaa nyuma na chupa ya siki niliyoichukua jikoni kwa dada. Siki hiyo nitaieleza.

Barabara kuu namba 35 imenyooka kiasi cha kuleta usingizi. Kusini mwa Des Moines nilikuwa nimeona vilima na mabonde. Kaskazini ni tambarare kabisa, na macho yanakosa pa kushika ila matangi ya nafaka yanayong'aa kwa mbali. Nikauliza sababu. Mzee akasema mji wa Des Moines umejengwa pale ilipoishia barafu. Kati ya miaka elfu 15 na elfu 12 iliyopita, ulimi mpana wa barafu uliteremka kutoka upande wa Kanada, ukafika hapo ulipo mji, ukachoka, ukayeyuka. Sisi Watanzania barafu tunayoijua ni ile kofia ya Kilimanjaro, ya kupiga nayo picha. Hii ilikuwa ya kulima nchi. Ilisaga miamba njiani, ikabeba kila ilichosaga, na ilipoyeyuka ikakibwaga.

Nilipenda neno alilotumia shemeji akitafsiri: kifusi. Maji yakibeba udongo huuchambua, mawe yanabaki huku, mchanga kule, tope mwisho kabisa. Barafu haichambui. Mfinyanzi, mchanga, kokoto na jiwe la ukubwa wa ng'ombe vinalala pamoja, kama vitu vya nyumba iliyohamishwa kwa haraka. Juu ya kifusi hicho ndipo ulipozaliwa udongo huu ambao mwaka 2022 ekari yake moja iliuzwa kwa wastani wa zaidi ya dola 11,000.

Karibu na Story City tuliingia barabara ya changarawe, tukasimama kwenye shamba ambalo Mzee alikuwa ameombea ruhusa. Mahindi yalikuwa na majani mawili mawili. Nikakanyaga, nikisubiri kunaswa. Sikunaswa. Mguu ulizama kidogo, ukatoka na udongo wa kujimegamega, tifutifu, kama mabaki ya keki. Nikauviringisha kiganjani kama tunavyofanya kwetu. Mbuga ungeweza kuisuka utepe mrefu ukatengeneza hata pete, lakini huu ulitoa utepe mfupi kama kidole gumba ukakatika. Shemeji alikuwa ananitazama usoni.

Mzee akasimamisha bomba, akalikandamiza kwa uzito wake wote, akalizungusha na kulichomoa. Upande mmoja wa bomba uko wazi, kwa hiyo udongo unaonekana ukiwa umesimama vilevile ulivyokuwa ardhini. Kiasi cha sentimita 40 za juu zilikuwa nyeusi, na vijizizi vyeupe vimepita ndani yake kama nyuzi. Chini yake rangi ikageuka taratibu kuwa kahawia, bila mpaka wa kukatwa na kisu. Chini zaidi ikawa manjano ya kahawia, na hapo kokoto zikaanza: moja ya waridi, moja ya kijivu, moja nyeupe laini kama kipande cha chaki. Mzee alitoa kitabu chake cha vipande vya rangi vya kulinganishia udongo, akashikilia bonge jeusi nyuma ya tundu la ukurasa, akakisogeza na kukirudisha kama mama anayechagua kitenge dukani.

"Sasa siki," akasema.

Nikadondosha matone kwenye weusi. Kimya. Kwenye kahawia, kimya. Nikashuka hadi kama sentimita 80, kwenye manjano, na hapo vikaanza vipovu vidogo vidogo. Ukisogeza sikio unausikia mchemko. Wenyewe hutumia asidi ya maabara na povu lake ni kubwa, lakini siki ya jikoni inatosha. Kinachochemka ni chokaa, ikikutana na asidi. Barafu ilisaga mawe ya chokaa pamoja na mengine, na mvua ya miaka elfu 12 hivi imewahi kuiosha hadi hapo tu. Pale Usukumani tunalima juu ya granite yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na mvua imeifua na kuifua mpaka imebaki mchanga wa luseni, unaokubali muhogo na karanga na kulalamikia kila kitu kingine. Huu wa Iowa ni mtoto mchanga. Hata maziwa ya mama bado yamo tumboni.

Lakini weusi hautoki kwenye barafu. Hili ndilo lililonivunja nguvu kidogo, maana miaka yote nimekuwa nikiwaambia wakulima kwamba udongo mweusi una mboji nyingi, na nikiwaonyesha mbuga kama mfano. Mbuga yetu mara nyingi haifikishi asilimia 2 ya mboji. Kinachoitia giza ni namna hicho kidogo kilivyoshikana na mfinyanzi wake mzito. Hapa, kwenye mwinuko ule, mboji ni kama asilimia 3 hadi 4, na bondeni inafika 6. Nilijaribu kukumbuka ni semina ngapi nimefundisha vile. Nikaacha kuhesabu.

Tukateremka. Kuteremka kwenyewe ni jina tu, labda mita mbili kwa mwendo wa mita mia. Lakini udongo ulibadilika mara tatu. Juu unaitwa Clarion, na maji yanapita bila shida. Katikati ni Nicollet. Chini ni Webster, ambao ukiuchomoa unakuta kijivu chini ya weusi, na madoa ya kutu, dalili ya udongo uliokaa majini muda mrefu. Na pale kwenye kishimo chenyewe, mahali ambapo huenda pande la barafu lilibaki likayeyuka peke yake, kuna Okoboji, mweusi kuliko yote, umelowa kama sponji. Mzee akachora kwa kidole hewani mstari wa mteremko na kusema neno moja, katena.

Nikamwambia, "Hilo neno ni la kwetu."

Alifikiri natania. Nikamweleza kwamba aliyelileta kwenye sayansi ya udongo ni Geoffrey Milne, mkemia wa kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, mwaka 1935, baada ya kuona jinsi vilima vya Afrika Mashariki vinavyorudia mfuatano uleule wa udongo kutoka kileleni hadi bondeni. Kwa Kilatini ni mnyororo. Na kabla ya Milne, Wasukuma walikuwa na majina ya pete za mnyororo huo: luseni huku juu chini ya mawe, itogolo kwenye mteremko wa chini, mbuga bondeni. Mzee jina la Milne alilijua. Alichokuwa hajui ni kwamba Amani iko Tanzania. Akaniomba nimtajie luseni na itogolo tena, polepole, akaviandika pembeni mwa kitabu chake cha rangi. Shemeji, ambaye Kisukuma chake kinaishia kwenye salamu za wakwe, naye akajidai anamsahihisha matamshi.

Ila tofauti moja ilinikaa kichwani. Sisi kwenye itogolo tunajenga majaruba ili tufunge maji, mpunga upate kusimama ndani. Hawa wanayafukuza. Tulitembea hadi kwenye mtaro mpana pembeni mwa shamba, na pale ukingoni mdomo wa bomba ulikuwa unamwaga maji meupe, mwendo wa bomba la kijijini lililosahauliwa kufungwa. Mvua ilikuwa na siku tatu haijanyesha. Mzee alisema chini ya mashamba haya, kina cha mita moja hivi, kuna mabomba kila mahali. Ya kwanza yalikuwa vipande vifupi vya udongo wa kuchoma, vilivyotandikwa kwa koleo kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, na maji yaliingilia kwenye viungo. Ya leo ni ya plastiki yenye matundu. Bila hayo nusu ya tuliyokuwa tunaiona ingekuwa bwawa la bata, kama ilivyokuwa zamani.

Nikanawa mikono pale. Nilipotaka kunywa Mzee akanishika kiwiko. Maji yale yanabeba naitreti, chumvi ya naitrojeni, ya mbolea na ya mboji yenyewe inayooza, na mabomba yanaipeleka mtoni moja kwa moja kabla mmea au tope la bwawa halijaila. Jambo hili limefika hadi mahakamani. Mwaka 2015 mamlaka ya maji ya Des Moines ilizishtaki wilaya za mifereji, yaani vyombo vinavyosimamia mitaro na mabomba haya, za kaunti tatu kwa ajili ya naitreti katika mto Raccoon, na kesi ikatupwa mwaka 2017. Mzee hakutaka kusema yuko upande gani. Alisema tu kwamba anakunywa maji hayohayo ya mji.

Tukirudi kwenye gari alinionyesha kilima kingine ng'ambo ya barabara, na kichwani mwake kulikuwa na rangi ya kahawia katikati ya weusi. "Kipara," akatafsiri shemeji, na sidhani kama kuna neno zuri kuliko hilo. Jembe na mvua vimeusogeza udongo mweusi hadi chini. Utafiti wa picha za setilaiti uliotoka mwaka 2021 ulikadiria kwamba karibu theluthi ya ukanda wa mahindi wa Marekani imepoteza udongo wake mweusi wa juu, hasa kwenye vipara kama hicho. Tulivuka. Nikadondosha siki juu ya ardhi, bila kuchimba hata sentimita moja, ikachemka.

Kuhusu chakula cha mchana nitasema machache. Dada alikuwa ametufungia ugali na samaki, tukala kwenye boneti huku mahindi yametuzunguka hadi upeo wa macho, na hakuna hata moja ambalo lingefika kwenye sufuria, maana huenda kwenye viwanda vya ethanoli na kwa nguruwe. Unga wa ule ugali ulinunuliwa dukani mjini.

Kituo cha mwisho kilikuwa Doolittle Prairie, kipande kisichofika ekari 30 ambacho sehemu yake haijawahi kuguswa na jembe. Zamani sehemu kubwa ya jimbo ilikuwa hivi, na leo haijabaki hata moja kwa elfu. Nilitegemea kitu kikubwa. Nikakuta nyasi za mwaka jana zimelala, na chini yake kijani kikichomoza. Mzee alisema ifikapo Septemba zitanipita kimo, lakini zaidi ya nusu ya mmea iko chini, mizizi ya kushuka mita mbili. Kila mwaka sehemu yake inakufa humohumo, baridi kali inazuia isioze haraka, na chokaa ya kifusi inaishika. Rudia hivyo kwa maelfu ya miaka. Nikapiga goti, nikajaribu kupenyeza vidole kwenye ardhi kati ya mashina. Haviingii. Ni kama kuchomeka vidole kwenye mkeka.

Udongo huwezi kuuvusha mpaka, najua sheria, kwa hiyo usiku ule nilisugua viatu vyangu kwenye karo la dada mpaka maji yakaacha kuwa meusi, akinigombeza kwamba nitamzibia bomba. Nilichobaki nacho ni ile kokoto ya waridi, nimeiosha kwa sabuni na mswaki.

Maswa nilimpa baba. Nikamweleza yote, barafu, Kanada, miaka elfu 15. Aliigeuza juani, akailamba, akaigonga kwenye ukuta. Granite ni granite. Akanitazama kwa huruma.

"Nauli yote ile," akasema, "umekwenda kuniletea jiwe la hapahapa."

Lipo dirishani kwake, limeegemeza redio.